Viroba vya Mjane wa Matogoro

Wazazi na vijana, ninyi mlio na ndugu na ninyi mlioolewa katika koo za watu, tulieni msikilize. Habari hii ni ya nyumba moja iliyokuwa na watu, chakula na heshima, ikabomolewa na mkono wa mtu wa nyumba hiyohiyo. Hakuna jambazi aliyeivamia, wala radi haikuipiga.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa Juni, mwaka 1995. Ukungu ulikuwa bado umeilalia milima ya Matogoro, na baridi ilikuwa ile inayowafanya wazee waote jua kabla ya kunywa uji. Erasmus alitoka katika nyumba ya marehemu mdogo wake, Otto, akiwa amejifunika blanketi, akaenda uani kunawa uso. Alikuwa amefika jana yake kutoka Maposeni, pamoja na mkewe, Recho, na mama yake mzazi, Bibi Adela, kwa ajili ya misa ya arobaini ya marehemu. Jogoo waliwika, moshi wa kuni ulipanda polepole kutoka jikoni, na mahali pote palikuwa pametulia.

Nyuma ya nyumba lilisimama banda refu la nguzo za mianzi, limefunikwa nailoni nyeupe tangu juu hadi chini. Erasmus alikuwa akilisikia likitajwa, lakini hakuwahi kuingia ndani. Alisukuma pazia, akainama, akapita.

Joto likampokea usoni. Hamkuwa na jiko wala moto humo. Jua la jana lilikuwa limehifadhiwa na mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, na nailoni ilikuwa imelizuia lisitoroke. Juu ya chanja zilizowekwa juu ya matofali vilipangwa viroba mia moja na ishirini. Katika kila kiroba ulisimama mnyanya mmoja, umefungwa kwa kamba ya katani hadi kwenye paa, nao umeshika matunda: mengine mabichi, mengine mekundu yanayong'aa. Humo ndani ya viroba hamkuwa na udongo hata chembe. Mlikuwa na changarawe na maganda ya mpunga yaliyochomwa, basi.

Ursula, mjane wa Otto, alikuwa ameamka zamani. Alikuwa akitembea kati ya chanja na kopo mkononi, akinywesha kila kiroba maji yaliyochanganywa na mbolea.

"Umeamkaje, shemeji?" alisalimu bila kusimama.

"Salama. Kumbe utajiri wote wa marehemu umefichwa huku!" Erasmus alisema. Akanyoosha mkono, akachuma nyanya moja kubwa bila kuomba, akaiuma.

Ursula aliitazama ile nyanya, kisha akamtazama mwenye kuila. "Hakuna kilichofichwa. Nailoni huonyesha kila kitu. Otto alikuita mara tatu uje uone, ukasema huna muda wa kutazama michezo ya watoto."

Ilikuwa kweli. Miaka ile ilikuwa ya soko huria. Ghala la serikali alilofanyia kazi Otto lilifungwa, naye akapunguzwa pamoja na wenzake. Alirudi nyumbani, akapanda nyanya katika kiwanja chake. Zilinyauka. Akapanda tena, zikanyauka tena, zingali na majani ya kijani. Walipokwisha kukata tamaa, bruda mmoja mzee wa monasteri ya Hanga aliwafundisha kwamba ardhi yao ilikuwa na ugonjwa usioonekana kwa macho, na kwamba nyanya ingeweza kulishwa bila kuigusa ardhi, mradi mwenye kuilisha asiwe mvivu. Erasmus alipoelezwa habari hiyo alicheka hadi akashika mbavu. "Nyanya ndani ya kiroba! Mwakani Otto ataotesha mihogo ndani ya kofia."

Sasa hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa mkulima wa mahindi, na tangu ruzuku ya mbolea iondolewe, shamba lake lilikuwa limepungua kutoka gunia thelathini hadi kumi na mbili. Alisimama katika joto lile, juisi ya nyanya ikimtiririka kidevuni, akakumbuka kwamba katika soko zima la Songea hapakuwa na nyanya nzuri msimu ule wa baridi isipokuwa hizi. Moyo wake ukamwambia: huyu ni mwanamke tu, naye amefiwa.

Msomaji, tazama jinsi dhambi inavyoanza. Haikuanza kwa panga wala kwa matusi. Ilianza kwa nyanya moja iliyochumwa bila kuombwa.

Baada ya misa na chakula cha mchana, ukoo ulikaa sebuleni. Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Leo, baba mdogo wa Erasmus, mtu wa mvi na maneno machache. Bibi Adela aliketi mkekani, miguu ameinyoosha. Ursula aliketi karibu na mlango wa jikoni, pamoja na binti yake, Evaline, na mdogo wake Evaline aliyekuwa amelala mapajani.

Erasmus alisimama, akakohoa. "Baba mdogo, mimi sipendi maneno mengi. Desturi ya ukoo wetu tunaijua sote. Ardhi hii aliipata marehemu baba, Otto akapewa aitumie. Kilichomo ardhini mwa ukoo ni cha ukoo. Mjane huondoka na vyombo vyake. Mimi ndiye mkubwa, basi nahamia hapa nilinde mali ya ndugu yangu. Shemeji akitaka kubaki chini ya ulinzi wangu, sitamfukuza."

"Mbuzi hajawahi kuomba ulinzi wa fisi, shemeji," alijibu Ursula.

Wanawake wawili jikoni waliguna. Erasmus alifura. "Mnamsikia? Arobaini tu, tayari ana mdomo!"

"Mdomo ninao tangu nizaliwe. Mume ndiye sina. Lile banda nililijenga na Otto kwa mikono hii. Mianzi nilikata mimi, tena nikiwa na mimba ya huyu. Watoto hawa wanakula kutoka humo. Mkiniondolea banda, mnawaondolea uji."

Mzee Leo alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, bali alikuwa na ugonjwa wa wazee wengi: aliona ni afadhali kuvunja mtu kuliko kuvunja mazoea. "Mwanangu," alimwambia Ursula, "uchungu wako tunauona. Lakini desturi ni desturi. Nguzo zimechimbiwa ardhini. Kilichochimbiwa ardhini hakiondoki na mwanamke."

Ursula alimtazama binti yake, kisha akainua uso.

"Sawa, baba mdogo. Nakubali. Naomba tu ulirudie neno moja mbele ya watu wote. Vyombo vya mwanamke ni vipi?"

"Vinajulikana. Vya kupikia, vya kuchotea na vya kuhifadhia. Sufuria, ndoo, mapipa ya maji, vikapu, viroba."

"Na kilichomo ndani ya chombo?"

"Ni cha mwenye chombo. Hatujawahi kumwaga unga wa mjane chini ili aondoke na kiroba kitupu. Hiyo ingekuwa aibu."

"Basi nashukuru," alisema Ursula. "Chukueni ardhi, chukueni nguzo na nailoni. Nyanya zangu zimo ndani ya viroba, juu ya matofali. Tangu zilipokuwa mbegu hazijaigusa ardhi yenu hata siku moja."

Sebule nzima ililipuka kwa maneno. Erasmus aliruka kama aliyekalia siafu. "Ujanja huo! Ujanja wa kike! Kwani nyanya ni unga? Baba mdogo, usikubali!"

Hapo ndipo Bibi Adela alipokunja miguu yake, akagonga sakafu kwa kiganja.

"Erasmus, kaa chini. Wewe, Ursula, mimi sikupendi, na hilo hukulijua leo. Nilimtakia Otto mke mwingine kabisa. Lakini nilipofiwa na baba yenu, nilitoka na vyungu vyangu, na hakuna mwanamume aliyethubutu kuchungulia ndani. Chombo cha mwanamke ni chombo cha mwanamke. Neno limekwisha kutoka kinywani mwa Leo, na mwanamume halambi mate aliyoyatema."

Mzee Leo aliinamisha kichwa. "Avichukue."

"Avichukue leo!" Erasmus alifoka. "Kabla jua halijatua. Asubuhi nisikute hata kimoja. Tuone baridi ya Matogoro kama inajua desturi."

Ursula alisimama, akamfunga mtoto mgongoni. Mlangoni aligeuka. "Shemeji, nakuambia mbele ya mashahidi. Ardhi ya uani ina mnyauko. Usipande nyanya humo. Panda mahindi, panda maboga, panda chochote, lakini nyanya usipande. Zitakufa."

Erasmus alicheka kwa nguvu. "Mmesikia, ndugu zangu? Ameshindwa kuondoka na ardhi, sasa anaitukana ili tuiogope!"

Yeye mwenyewe aliamini kwamba huo ulikuwa uongo. Hivyo ndivyo ilivyo: mwenye kudhulumu hawezi kulisadiki neno la aliyemdhulumu, kwa kuwa akimsadiki katika dogo, atalazimika kumsadiki katika kubwa.

Jirani wa upande wa pili alikuwa Sharifa, mfanyabiashara wa korosho aliyetoka Tunduru, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Alipopata habari alikuja na wanawake kumi na mmoja, wengine wa msikitini, wengine wa jumuiya ya kanisani. Kila mmoja alijitwika kiroba kichwani, mnyanya ukiyumba juu yake kama bendera, wakapita katika tundu la uzio hadi nyumbani kwa Sharifa, wakarudi kuchukua kingine. Erasmus alisimama barazani, mikono kiunoni, akihesabu ili kisibebwe kisichokuwa kiroba.

"Angalia sana, bwana," Sharifa alimwambia alipopita. "Usije ukasahau kuhesabu na pumzi zetu. Tumezivuta katika kiwanja chako."

"Pita na mzigo wako, mama. Haya si ya kwenu."

"Wallahi, si ya kwetu. Kwetu mjane hupewa fungu lake kwa hesabu iliyoandikwa, si kwa kelele."

Viroba viliegeshwa kwenye ukuta wa matofali wa ghala la Sharifa, upande unaopigwa na jua, vikafunikwa maturubai na mikeka. Ursula na watoto wake walipewa chumba cha uani. Hata hivyo, baridi haikumwonea huruma mtu. Katika wiki ya kwanza minyanya hamsini na sita ilikufa, majani meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ursula aliikata mmoja mmoja, akainua sauti mara moja tu, akalia kama aliyefiwa upya, kisha akaenda kunywesha iliyobaki.

Upande ule mwingine wa uzio, Erasmus alikuwa bwana. Alihamisha mkewe na mwanawe, Derick, kutoka Maposeni. Alizichana chanja zote zikawa kuni. Akalilima banda lote ndani, udongo mwekundu ukageuka vizuri, akatafuta miche iliyo bora, akapanda mistari sita iliyonyooka.

"Baba Derick," Recho alimwambia jioni moja wakila, "mahindi yetu Maposeni yamekauka kabisa. Twende tukavune, walau siku nne. Nguruwe pori hawana likizo."

"Mahindi! Mahindi! Unaongea kama mtu aliyezaliwa ndani ya ghala. Gunia kumi na mbili za mahindi mimi nitazifanyia nini? Nikiondoka hapa, yule mwanamke atavuka uzio afanye analolijua."

"Basi niende mimi na Derick."

"Nani atanywesha humu? Kaa."

Bibi Adela, aliyekuwa amebaki nao, aliendelea kutafuna. Recho naye alikaa. Siku zote alikuwa mwanamke wa kunyamaza, na mumewe aliuhesabu ukimya huo kuwa ridhaa.

Minyanya ya Erasmus ilikua. Lazima tuseme kweli: ilikua vizuri kuliko ya Ursula, kwa kuwa ilikuwa ndani ya joto la nailoni, nayo ya mjane ilikuwa ikipigwa na upepo. Mwishoni mwa Julai ilitoa maua. Erasmus aliwaleta watu waje kutazama. Alizungumza kwa sauti kubwa karibu na uzio: "Kumbe siri ilikuwa nailoni tu! Viroba vilikuwa pambo! Mtu anabeba changarawe kichwani kama mwehu, anaacha mali ndani ya banda!"

Ng'ambo ya uzio kulisikika tu sauti ya kopo likichovya pipani.

Katikati ya Agosti, Erasmus aliingia bandani asubuhi akakuta mche mmoja umelegea, majani yamening'inia kama kitambaa kilicholoweshwa. Haukuwa na doa, haukuwa na mdudu, na rangi yake ilikuwa ya kijani kabisa. Aliumwagia maji. Kesho yake ilikuwa tisa. Akamfokea Recho kwamba ananywesha kidogo. Siku ya tatu mstari mzima ulikuwa umelala. Akamfokea kwamba ananywesha mno. Kufika Jumapili, mistari minne kati ya sita ilikuwa imeinama chini, matunda yake madogo bado yameshikilia vikonyo.

Hakukumbuka neno lolote aliloambiwa. Alikumbuka kitu kimoja tu: kwamba ng'ambo ya uzio kulikuwa na mwanamke aliyekuwa na sababu.

Siku hiyohiyo, watu walipotoka kanisani, alimwita Mzee Leo na balozi wa nyumba kumi, akatuma Derick amwite Ursula. Majirani nao walikuja bila kuitwa. Erasmus alisimama mbele ya banda, panga mkononi, macho mekundu.

"Huyu ameniroga!" alipaza sauti. "Tazameni! Mche haujaumwa na kitu, unakufa ungali kijani! Nani alisema zitakufa? Ni yeye, kwa mdomo wake! Aliyajuaje, kama si mchawi?"

Umati uliguna. Ninyi mnaosoma, mnajua neno hilo lina uzito gani kwetu. Wako wanawake waliochomewa nyumba kwa neno hilo moja. Sharifa alijipenyeza mbele, akasimama ubavuni mwa Ursula, kanga ameikaza kiunoni. Ursula aligeuka kijivu midomoni, lakini hakurudi nyuma. Alijua kwamba kama angekimbia, watoto wake wangekuwa watoto wa mchawi hadi kufa.

"Balozi," alisema, "naomba bilauri ya maji safi na kisu."

"Vya nini?" Erasmus aliuliza. "Anataka kuloga mbele yetu!"

"Mletee," Bibi Adela alimwamuru Recho. "Kama ni uchawi, tutauona mchana."

Recho alileta bilauri. Ursula alimwomba balozi mwenyewe achague mche ulionyauka, aung'oe, na akate kipande cha shina karibu na mizizi. Balozi alikata. Ursula hakukigusa. Alimwelekeza akishike kipande hicho wima ili ncha yake ya chini izame kidogo majini, asikitikise.

Walisubiri. Mtoto mmoja alipiga chafya, akafinywa. Kisha kutoka kwenye shina ulianza kushuka uzi mweupe, mwembamba kama wa maziwa. Ukafuata mwingine. Nyuzi zilitiririka hadi chini, maji yakaanza kupata ukungu.

"Huo ndio uchawi wangu," Ursula alisema. "Unaitwa mnyauko. Umo ardhini tangu sijaolewa. Otto aliuona ndani ya bilauri kama hiyo, na yule bruda wa Hanga ndiye aliyemwonyesha. Ndiyo maana tulipandisha nyanya juu ya matofali. Balozi, sasa njoo ng'ambo, kata mnyanya wangu mmoja, uujaribu vilevile."

Balozi akaenda, watu wakamfuata kama msafara wa harusi. Maji ya bilauri ya pili yalibaki safi kama kioo.

Waliporudi, Erasmus alikuwa palepale. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Kwa nini hukuniambia?"

Aliyejibu alikuwa Bibi Adela.

"Alikuambia. Sote tulikuwepo. Ukacheka."

Recho, aliyekuwa bado ameishika bilauri ya kwanza, aliiweka chini taratibu. "Baba Derick," alisema, "nina swali moja. Wewe ukifa, mimi nitatoka hapa na sufuria ngapi?"

"Mwanamke, nyamaza mbele ya wazee!"

"Nimenyamaza tangu Juni. Nilinyamaza ulipomfukuza dada. Nilinyamaza mahindi yetu yalipoachiwa nguruwe. Nataka kujua tu. Sufuria zangu ni tatu, na moja imetoboka. Na huyu Derick nitamweka katika ipi?"

Wanaume waliokuwapo walitazama chini, na Mzee Leo alitazama chini kuliko wote. "Nilikosea," alisema, na kwa mzee yule neno hilo lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. "Nililinda desturi, nikasahau watu ambao desturi iliwekwa iwalinde. Balozi, shuhudia. Nailoni na nguzo arudishiwe Ursula kesho. Na kiwanja hiki ni cha watoto wa Otto."

Erasmus aliwatazama mmoja mmoja: baba yake mdogo, mama yake, mkewe. Angeweza kusema "nimekosa", na habari hii ingeishia hapo kwa furaha. Badala yake aliinua panga.

"Kama si langu, basi halitakuwa la mtu!"

Aliirukia nailoni, akaipasua tangu pazia hadi ukuta wa nyuma. Akakata kamba, akakata mianzi, akapiga huku na huku, vipande vyeupe vikiruka na upepo wa Agosti na kunasa kwenye miti. Hakuna aliyemzuia. Alikata hadi mkono ukamfa ganzi, paa likamwangukia nusu, naye akabaki amekaa katikati ya minyanya iliyokufa, akihema kama mbwa.

"Umemaliza, shemeji?" Ursula aliuliza. Kisha aliondoka. Saa ya kunywesha ilikuwa imefika.

Ursula hakupata banda lake, hilo tusidanganyane. Alipata vipande vya nailoni ambavyo yeye na Sharifa walivishona siku nyingi, vikatosha kufunika viroba arobaini tu. Mwaka ule watoto wake walikula mlo mmoja kwa siku, na Evaline alikaa nyumbani muhula mzima. Recho alikataa kurudi Maposeni. Alibaki Matogoro na Derick, katika nyumba ya marehemu, pamoja na Ursula na Bibi Adela, akajifunza kuchoma maganda ya mpunga yasigeuke majivu.

Erasmus alirudi peke yake. Alifika Maposeni mchana, hakuingia hata ndani ya nyumba, akaenda moja kwa moja shambani. Mabua yalikuwa yamelala kama yaliyokanyagwa na jeshi. Nguruwe pori walikuwa wamekula waliyoyataka, mchwa wakamalizia yaliyoanguka. Alipiga magoti, akaanza kuokota hindi moja moja, akimenya, akitupa yaliyooza. Jua lilipoelekea kuzama alikuwa amepata nusu debe. Jirani mmoja alipita na jembe begani, akamtazama, akasema "pole" kama mtu anayemsalimu mgeni, akaendelea na njia yake.

FUNZO

Ndugu zangu, mmeona. Erasmus hakuwa mwizi wa usiku. Alisimama mchana, mbele ya wazee, akaiba kwa kutumia desturi. Wizi wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote, maana humfanya mwizi ajione mwenye haki, na huwafanya watu wema wawe wasaidizi wake.

Wazee, desturi ni mali yenu. Itunzeni kama mnavyotunza paa, mkiondoa majani yaliyooza na kuweka mapya. Paa linalovujia yatima si paa. Wanaume mlio hai, andikeni wosia leo, kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya mashahidi. Usimwachie mkeo kazi ya kushindana na ndugu zako siku ambayo hana hata nguvu ya kusimama. Nanyi wanawake wa kunyamaza, Recho aliuliza swali lake mwezi Agosti. Lingeulizwa Juni, lingeokoa mahindi, banda na mume pia.

Tena mjue kwamba tamaa huziba masikio kabla haijaziba macho. Aliyejua ardhi ile ina nini alisema, tena bure, tena mara moja iliyotosha. Kama kwenu kuna msiba leo, na moyo wako umeanza kuzunguka uani mwa marehemu, rudi ndani ukae karibu na mjane. Muulize anahitaji nini. Ameachiwa nini, hilo usimuulize.